Nani kakutuma kuandika jina lako pangoni?

Jumapili asubuhi zilipita kosta hapa kijiweni Ngamiani, Tanga, zikielekea mapango ya Amboni, abiria wamevaa fulana za rangi moja, sabufa imefunguliwa mpaka vikombe vya kahawa vinatetemeka juu ya sinia. Jioni zikarudi. Kijana mmoja akashuka kununua kashata, tukamuuliza: haya mwanetu, Amboni umeona nini? Akajibu, "Giza tu, wazee wangu. Giza na popo. Ila picha zimetoka kali."

Msonyo uliotoka pale kwenye benchi, nadhani hata Raskazone waliusikia.

Jamani, hatuna ugomvi na mtu kwenda kutembea. Watu kuchangishana, kukodi gari, kuamka usiku kupika pilau na kuijaza kwenye hotipoti, kwenda kuvuta hewa nyingine na kurudi kabla ya Magharibi, hilo ni jambo la heri. Kina mama wa vikoba wanafanya, vijana wa jogging wanafanya, kwaya na madrasa wanafanya. Mtu aliyeinamia cherehani tangu Jumatatu mpaka Jumamosi anastahili siku moja ya kuona mto ukipita. Kinachotuuma ni mtu kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi hapa, akaingia ndani ya kitu kilichoanza kabla binadamu hajawa binadamu, halafu akatoka na neno moja: giza. Na kinachouma zaidi ni anachokiacha humo ndani.

Huko nitafika. Kwanza tuwekane sawa kuhusu Amboni yenyewe, kwa kuwa hata sisi tuliozaliwa Tanga wengi wetu tunaijua kwa kusikia tu. Muulize mtu wa Makorora au Chumbageni mara ya mwisho kwenda ni lini, atakwambia alipokuwa darasa la nne.

Mapango yapo kama kilomita nane kaskazini mwa mji. Unashika barabara ya Horohoro, ile iendayo Mombasa, unakunja kuingia Kiomoni. Eneo lote la mawe ya chokaa ni kilomita za mraba 234, na mito miwili inapita humo, Mkulumuzi na Zigi, huo Zigi ambao maji yake tunayanywa mjini kutoka bwawa la Mabayani. Mawe yenyewe wataalamu wanayahesabia miaka milioni 150 hivi, zama zilezile za mijusi wakubwa waliofukuliwa Tendaguru kule Lindi. Enzi hizo hapa palikuwa bahari. Makombe na matope ya chokaa yalirundikana chini ya maji, yakashindiliwa mpaka yakawa mwamba, kisha bahari ikajitoa.

"Sasa jiwe linaliwaje na maji?" Hilo ni swali la fundi viatu, hulirudia kila mazungumzo ya Amboni yakizuka, na mwenye jibu ni muuza kahawa. Analo birika kuukuu alilokuwa akichemshia maji ya kisima. Hulifunua, akatuonyesha ndani: ukuta wote umeshika gamba jeupe, gumu, ukilikwangua kwa kijiko linatoa unga. Gamba lile na jiwe la Amboni ni chokaa moja. Lilikuwa limeyeyuka ndani ya maji ya kisima, huwezi kuliona, maji yalipochemka likaganda. Pangoni hakuna moto, lakini kazi inafanana. Mvua ikinyesha inabeba hewa ya ukaa, ikipenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza inaongeza nyingine, maji yanapata ukali kidogo tu, na huo unatosha kulilamba jiwe la chokaa. Ufa unakuwa mwanya, mwanya unakuwa njia ya maji, na maji yakishapata pa kushukia chini zaidi yanaacha nyuma yao ukumbi mtupu.

Hapo kazi ya pili inaanza. Tone linaloning'inia darini linapoteza ile hewa yake, na kabla halijadondoka linaacha chembe ya chokaa. La pili vivyo hivyo, na la tatu. Juu linaota jiwe kuelekea chini, wanaliita stalaktiti. Pale tone linapoangukia linaota lingine kwenda juu, stalagmiti. Yakikutana inakuwa nguzo. Kuota sentimita kumi kunaweza kuchukua miaka elfu moja, na mahali pengine zaidi. Kwa mwendo huo, tangu kujengwa kwa msikiti wa Tongoni, ambao magofu yake sote tunayaita ya kale, jiwe kama hilo limeongezeka sentimita tano au sita.

Sasa ndipo nawauliza wenye fulana za rangi moja: nani kakutuma kuvunja?

Kijiwe chetu nacho kilikwenda. Tulichangishana hapahapa kwenye benchi, tukakodi Noah, tukapewa muongozaji pale getini, kijana wa makamo mwenye sauti ya taratibu na tochi mbili. Ndani, kwenye njia moja nyembamba ambayo kila anayepita lazima ainame, alisimama akamulika kitu karibu na magoti yetu. Kilikuwa kisiki cha stalagmiti, juu kimekatika. Pale kilipokatika palionekana pete, moja ndani ya nyingine, nyeupe, kahawia, nyeupe tena, na katikati vipunje vinavyometa kama chumvi ya mawe. Akatueleza kwamba pete zile ni kumbukumbu. Wataalamu wanaozisoma wanaweza kujua miaka ya mvua nyingi na miaka ya ukame, karne kwa karne, kabla hajazaliwa mtu wa kuandika tarehe. Mmoja wetu akauliza kipande cha juu kiko wapi. Muongozaji akainua mabega. "Kipo sebuleni kwa mtu, mzee. Kwenye kabati la vyombo."

Basi palipita kimya, kisha misonyo.

Na ukuta wa jirani yake ni aibu tupu. Kuanzia kifuani mpaka mkono unapofika juu, majina. Yamekwanguliwa kwa msumari, mengine kwa mkaa, mengine kwa kalamu ya wino mzito. Fulani na fulani, moyo katikati, mshale, na mwaka chini yake. Mwingine kaandika shule yake, mwingine timu yake ya mpira. Chini ya majina hayo jiwe limegeuka jeusi linateleza, kwa sababu ya viganja. Jasho na mafuta ya ngozi yakishika mahali ambapo maji bado yanatiririka, chokaa haigandi tena vizuri, jiwe linaacha kuota na linapoteza rangi. Kwa hiyo hata asiyeandika, anayeshikashika tu akipita, naye anachangia. Katoto hukashiki mkono mpaka mama yake akuruhusu, lakini mwamba wa mamilioni ya miaka unaupapasa utakavyo!

Dereva wa bajaji, ambaye kazi yake hapa ni kupinga, akaleta hoja. "Kwani watu wa kale hawakuchora? Kondoa kule si tunalipisha watu kiingilio wakaone michoro ukutani, na UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2006?" Hoja nzito, lazima ijibiwe kwa heshima. Wale wa Kondoa waliweka ukutani wanyama wao, mawindo yao, ibada zao, wakati ambapo ukuta ndio uliokuwa kitabu chao pekee, na wenyeji wa huko waliendelea kwenda palepale kwa maombi. Wewe una simu yenye picha elfu moja, una kurasa mtandaoni ambako jina lako limeandikwa tayari. Unakwangua jina ukutani ili iweje? Na ukiona jina la mwenzako unaliandika lako juu yake. Hata kumbukumbu yenu ninyi wenyewe hamuiheshimu. Dereva wa bajaji aliinua kikombe akanywa, na kwake hiyo ni kukubali.

Halafu kuna jambo la mzimu, na hapa naomba tuseme polepole.

Kabla ya kampuni yoyote na kabla ya serikali yoyote, mahali pale palikuwa pa maombi. Wadigo, Wasegeju, Wabondei na Wasambaa wamekuwa wakienda huko kwa Mzimu wa Mabavu, mwenye kuugua akiomba afya, asiyepata mtoto akiomba mtoto. Mpaka leo wanakwenda. Tulikuta ubani, sarafu na chupa pembeni mwa jiwe, na muongozaji akatusihi tusiguse. Wapo kwenye safari za vikundi wanaochukua vitu vile mkononi wakapiga navyo picha huku wanacheka. Mimi ni Mwislamu, dua yangu naielekeza kwa Mola wangu, wala simtaki mtu aende kuomba kwenye jiwe. Lakini mama aliyebeba ubani wake kutoka Pongwe kwa sababu ameteseka miaka hana mtoto, mzigo wake ule si wa kuchekwa. Ukiingia nyumbani kwa mtu huchezei chungu chake jikoni. Pita, nyamaza, songa mbele.

Serikali ya mkoloni ilikuja kuyajua mapango kupitia watu wa mkonge. Kampuni ya Amboni, iliyokuwa na mashamba makubwa ya mkonge huku kwetu, ndiyo iliyoyavalia njuga mwaka 1922 na kuwaarifu Waingereza. Mwaka 1937 yakatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Mwaka 1963, tumeshajitawala, yakakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi wanaoyasimamia ni Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Kwa ufupi, yana ulinzi wa kisheria tangu kabla ya vita vya Hitler. Kwa hiyo anayekwangua ukuta anavunja sheria, asidhani ni utani wa vijana.

Na humo ndani kuna stori ambayo abiria wa kosta hawaipati kwa sababu ya sabufa. Enzi za Mau Mau, miaka ya 1952 hadi 1956, walijificha humu Osale Otango na Paulo Hamisi. Wazee wetu wanawasimulia kama watu waliowanyang'anya masetla na kuwagawia maskini, na serikali ikiwasaka usiku na mchana. Walisema Otango akizingirwa hugeuka paka, hugeuka swala, hugeuka mwanamke aliyejitanda khanga akapita katikati ya askari. Muongozaji alituonyesha kona waliyokuwa wakilala. Ni jiwe tupu, baridi, dari iko karibu na uso. Uone binadamu aliyelala pale kwa sababu hakutaka kutawaliwa, halafu wewe umesimama palepale unatafuta mwanga mzuri wa selfi! Wapigaji picha msinikasirikie. Picha pigeni, lakini baada ya kusikia.

Suala la handaki ndilo lililotuchelewesha chakula cha mchana siku ile, na bado hapa kijiweni halijaisha. Mnalijua: kwamba pango la Amboni linatokea Mombasa, tena lingine linatokea Kilimanjaro, na kwamba Wazungu wawili waliingia na mbwa wao wakapotea, mbwa akaja kuonekana chini ya Mlima Kilimanjaro. Nimelisikia tangu utotoni, nikalisimulia kwa wanangu. Ila kijiweni petu yupo mwalimu mstaafu wa jiografia, na mwalimu hamuachii mtu kirahisi. Alituchorea chini kwa kijiti. Hii chokaa yetu, alisema, ni utepe wa pwani. Ukiupita tu utepe huo, ukakaribia Usambara, unakutana na mawe ya aina nyingine kabisa, magumu, ya kale zaidi mno, ambayo maji ya mvua hayawezi kuyalamba yakafanya pango la namna hii. Milima ya Upare hali ni hiyohiyo. Na Kilimanjaro ni volkano. "Sasa huyo mbwa," akauliza, "alipita kwenye jiwe gani?"

Na Mombasa? Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 150. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliingia na vipimo, wakayakuta mapango kumi, na refu kuliko yote lilikuwa na mita 900 hivi. Huo ni mwendo mfupi wa miguu, Mombasa huioni.

Fundi viatu hakupenda. Alisema mwalimu anaharibu hadithi ya wazee. Mimi nasimama na mwalimu, ila hadithi nayo nisingependa ife. Tuisimulie kama tunavyosimulia za sungura na fisi, mtoto ajue ni hadithi, na palepale asimuliwe ya bahari iliyojitoa na tone lililojenga nguzo. Ukiniuliza mimi, ya pili inashangaza zaidi. Handaki lingeweza kuchimbwa na watu wenye sururu. Ukumbi wa Amboni umechimbwa na mvua.

Popo nao wametukanwa sana kwenye kosta hizi. "Popo wananuka, popo ni wachawi." Tsk! Popo wapo wanaokula wadudu, usiku mmoja popo mmoja anameza wadudu wengi wakiwemo mbu, na mbu wa Tanga hawahitaji kutambulishwa. Wapo wanaokula matunda, na hao ndio wanaochavusha maua ya mbuyu na msufi, maua yanayofunguka usiku nyuki wamelala. Kwa kawaida popo mama anazaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Kundi likiingia na kelele, wakamulikwa tochi machoni, mama anaruka kwa taharuki na mtoto anaweza kumponyoka akaanguka. Ndani ya pango sauti haina pa kutokea, spika moja ndogo inawafikia wote.

Na kuna sababu nyingine ya kuwaacha popo na mavi yao peke yao, ambayo waandaaji wa safari wangepaswa kuisema kabla gari halijaondoka. Mapango mengine ya ukanda huu yameshatoa maradhi. Kitum, kwenye Mlima Elgon upande wa Kenya, palihusishwa na wagonjwa wa homa ya Marburg mwaka 1980 na tena 1987. Uganda, mwaka 2008, mtalii kutoka Uholanzi alitembelea pango la popo katika msitu wa Maramagambo, akarudi kwao akaugua Marburg na kufariki. Vumbi la mavi ya popo pia linaweza kuwa na kuvu inayoshambulia mapafu. Sisemi haya kuwafukuza watu Amboni, watu wanaingia na kutoka salama kila wiki. Nasema: usishike popo hata aliyeanguka, usilale chini kupigiwa picha kwenye mavi yake, mwenye pumu avae barakoa au abaki nje na watu wa pilau, na kabla ya kula, mikono ioshwe kwa sabuni. Tuliona kundi likitoka pangoni moja kwa moja kwenye sinia, mikono ileile.

Tukitoka kwa popo, tuangalie na sakafu. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya pango la Panga ya Saidi, Kilifi, kwa jirani zetu wa Kenya. Walichimba taratibu, na chini ya sakafu ya pango, karibu mita tatu, wakakuta kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu. Amelazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa, na inaonekana kichwa kiliwekewa kitu cha kukiegemeza. Kaburi hilo lina miaka 78,000, la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yaliyowahi kupatikana Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Kuna watu walimzika mtoto wao huku pwani kwetu, wakamlaza vizuri, na sisi tukamkuta baada ya miaka elfu sabini na nane kwa sababu tu hakuna kundi lililokuja kuchimba shimo la kuchomea mishikaki juu yake.

Ndiyo maana nasema sakafu ya pango isichezewe. Hakuna anayeweza kukwambia chini ya unyayo wako kuna nini.

Sasa tuzungumze safari yenyewe, kwa sababu lawama tupu hazimpeleki mtu Amboni. Mkija watu hamsini, msiingie hamsini. Gawaneni makundi madogo, watu kumi hivi, kila kundi na muongozaji wake. Wengine wapumzike nje, waende kutazama mto, watoto wacheze. Msiwe na haraka. Waandaaji wengi wanabana Amboni, Tongoni, maji moto ya Galanosi na kuogelea Raskazone ndani ya siku moja, matokeo yake kila mahali mtu anashuka, anapiga picha, anapigiwa honi. Zamani Tanga ilisifiwa kwamba waja leo waondoka leo hushindwa kuondoka. Siku hizi wanaondoka kabla hata hawajafika! Chagueni sehemu mbili, mbili zinatosha. Vaeni viatu vinavyoshika, si kandambili, kwa sababu mawe yenye unyevu yanateleza na mahali pengine mnapita kwa kutambaa. Bibi mwenye magoti mabovu asilazimishwe. Pale mlangoni tu, kwenye ukumbi wa kwanza ambako mwanga unashuka kutoka juu na mizizi ya miti inaning'inia, ataona vya kutosha.

Na sabufa ibaki kwenye gari. Hilo sijadiliani na mtu.

Tulipofika ndani kabisa, muongozaji alituomba tuzime tochi zote na simu. Tukazima. Mkono ukiuweka mbele ya uso huuoni. Baada ya muda masikio yakafunguka: tone, kimya kirefu, tone jingine mbali zaidi, na juu yetu mbawa zikijigeuza. Dereva wa bajaji, yule mpinzani, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Kumbe bado linajenga." Ndiyo. Bado linajenga. Halijamaliza kazi. Yule kijana wa kashata aliona giza tu, na angepewa dakika tano za kunyamaza angerudi nyumbani na kitu cha kumsimulia mjukuu.

Baadaye tulikaa nje kwenye kivuli, tukala, upepo wa mto unapita, watoto wa kikundi kingine wakamzunguka mwalimu wetu wamwulize kuhusu yule mbwa. Akawachorea tena chini kwa kijiti. Watoto wale walikuwa wa shule ya hapahapa mjini, wamesoma mawe ya chokaa darasani, wakayakariri kwa mtihani, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwapeleka kuyaona yakiwa kilomita nane kutoka kwenye dawati lao. Hilo nalo lilipigiwa msonyo mrefu. Wazazi wa Tanga, harusi tunazichangia, sherehe za kumaliza shule tunazichangia, sare za kitchen party tunashonesha. Kosta moja ya watoto kwenda Kiomoni haitushindi.

Kwa hiyo mwenye kikundi, mwenye kwaya, mwenye madrasa, karibu Amboni. Msikilize muongozaji mpaka amalize, mpe na chochote kwa asante yake, kwa kuwa anachokupa hakimo kwenye picha. Mikono yako iweke kwako, taka zako rudi nazo mjini. Na kama jina lako linakuwasha sana na lazima ubaki umeandika kwamba ulifika, pale getini pana kitabu cha wageni na kalamu. Liandike humo.